Wapiti wa Wyoming

Katika sanduku langu la bati, chini ya cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vya kuzaliwa, imo ramani moja iliyochakaa mikunjoni. Si ramani ya Tanzania. Ni ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Wyoming, Marekani, na juu yake upo mstari wa kalamu nyekundu aliouchora rafiki yangu mwaka 1981, tulipokuwa wanafunzi pamoja mjini Laramie. Mstari huo waanzia pale barabara inapokoma na kuingia katika pori la Teton. Huko ndiko tulikoahidiana kwenda kumwinda wapiti.

Ndugu msomaji huenda akauliza, wapiti ni mnyama gani? Ni mnyama acheuaye, mkubwa kuliko tandala wetu. Dume aweza kupita kilo 300. Lakini pembe zake zina matawi kama mti mkavu, nazo huanguka kila mwaka, kisha zikaota upya. Nilimwona kwa mara ya kwanza katika likizo ya Krismasi, mjini Jackson. Kando ya mji huo iko hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1912 ili wanyama hawa, wateremkao milimani kuikimbia theluji, wasife kwa njaa. Tulipanda gari lisilo magurudumu, likikokotwa na farasi juu ya theluji, tukapita katikati yao, wengi wasiohesabika, wamejilaza, mvuke ukiwatoka puani. Mimi mzaliwa wa Tabora, niliyezoea vumbi na miembe, nilisahau hata kwamba miguu yangu ilikwisha kufa ganzi.

Usiku ule rafiki yangu aliniigizia mlio wa dume wakati wa kutafuta majike. Huanza chini kooni, ukapanda, ukaishia katika mluzi mwembamba wa kukereza masikio. Nilicheka. Kwa mnyama mkubwa namna ile nilitazamia ngurumo.

“Utakapousikia Septemba, alfajiri, hutacheka,” akaniambia.

Pori lenyewe si kama mbuga tunazozijua, ambamo mgeni huzungushwa garini. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1964, mapori ya namna hiyo hayachongwi barabara, wala haruhusiwi mtu kuingia na gari, pikipiki, hata baiskeli. Mtu huenda kwa miguu au kwa farasi, na mizigo hubebwa na baghala. Chakula huning’inizwa juu mitini usiku kwa kuwahofia dubu. Mnyama akianguka, hukatwa mapande palepale, na hapo ndipo kazi huanza, maana kilo zote hizo zitarudi kwa njia ileile mliyojia.

Tena iko sheria ya Wyoming ambayo mimi niliipenda tangu niliposimuliwa. Mgeni kutoka nje ya jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa katika pori la aina hii peke yake. Ama aongozwe na mtu mwenye leseni ya kazi hiyo, ama afuatane na mkazi wa jimbo, ambaye hapaswi kupokea malipo yoyote. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa sehemu ya kibali changu.

Nilirejea nyumbani. Miaka ile fedha za kigeni zilikuwa adimu, na nauli ya ndege kwa mtumishi wa ngazi yangu ilikuwa hadithi. Baadaye zikaja karo. Naye kule alikuwa na karo zake. Kila Januari iliwasili barua yenye swali moja: Mwaka huu? Nami nilijibu, labda mwakani. Mke wangu aliziita barua za wapiti.

Ya mwaka huu haikuuliza. Rafiki yangu aeleza kwamba daktari amemkataza kupanda farasi kwa sababu ya nyonga, na farasi wake wa mwisho amemuuza. Binti yake yu tayari kuniongoza. Ni mkazi, na njia aijua vema. “Usikawie tena,” ameandika, “ramani unayo.”

Nilikaa na barua ile siku tatu. Mke wangu alisema niende. Mwanangu, ambaye hunihesabia miaka kama karani, alisema milima ya mita 3,000 si ya mzee. Mimi nilijaribu kuiona safari ile bila mgongo wa rafiki yangu mbele yangu juu ya farasi, nikashindwa kuiona.

Nikamjibu kwamba sitaomba kibali cha kuwinda. Nitakuja Septemba, nauli ikitimia, na pasipoti nimekwisha kuifanya upya. Anipeleke kwa gari lake hadi mwisho wa barabara, pale mstari mwekundu unapoanzia, kabla ya mapambazuko, tukae tusikilize.

Jibu lake lilikuwa fupi kuliko yote aliyopata kuniandikia: “Lete koti. Viti ninavyo.”