Kabla Hujaiburuta Pijo ya Mzee Hadi Grogan

Shuka kutoka River Road siku yoyote ya kazi, ufuate upande wa mto, na masikio yatakuambia umefika kabla ya macho. Nyundo zagonga mabati, injini yanguruma bila ekzosi, na kijana akuvuta mkono akuuzie breki za gari usilo nalo. Hii ndiyo Barabara ya Kirinyaga, ingawa wengi hawajaacha kuiita Grogan. Jina hilo ni la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesifika kwa kuivuka Afrika kwa miguu kutoka kusini hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka wa 1900. Ajabu iliyoje, mtaa wa vipuri kuitwa kwa jina la mtembeaji!

Pengine, msomaji, huko mashambani kwenu kuna Peugeot 404 au 504 iliyoachwa na mzee, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Shule zinafunguliwa, karo inadaiwa, na wazo la kwanza ni kuiburuta hadi hapa. Subiri kidogo.

Broka wa hapa hanunui gari zima. Akiizunguka mara moja ameshapiga hesabu: injini itauzika, giaboksi itauzika, milango imeoza, kinachobaki kipimwe kwa kilo. Bei atakayokutajia ni ya mzoga. Simlaumu, ndiyo kazi yake.

Lakini yuko mnunuzi mwingine, ambaye huja Grogan kutafuta kioo cha taa tu. Huyo ni mpenzi wa magari ya kale, na wenzake utawakuta kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi huchungulia hadi chini ya gari. Kwake yeye 404 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. 504 nayo ilishinda 1975 na 1978, na zile za viti saba ziliwabeba wazazi wetu hadi Nakuru na Kisumu. Zaidi ya hayo, sheria ya Kenya huzuia kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi miaka 8. Atatafuta miongoni mwa yaliyopo.

Mnunuzi huyu hataki rangi mpya. Mafundi wa hapa waweza kuziba tundu la kutu kwa pati na kulipaka rangi mchana mmoja, gari likang'aa kama bibi harusi. Yeye atakuja na sumaku mfukoni. Sumaku haishiki pati, na ikianguka mara mbili, ataaga. Kwa hivyo iache kutu ionekane, mwambie imekaa miaka mingapi bila kutembea, na usiiwashe kwa betri ya kuazima ili umfurahishe. Petroli ya miaka hugeuka gundi ndani ya kabureta.

Okota kila kilicho chake: ile nembo ya simba, vifuniko vya magurudumu, redio iliyokufa, hata kijitabu cha maelezo. Ndivyo vinavyomsumbua kupata.

Kisha kuna logibuku. Nambari ya chasi iliyoandikwa humo ilingane na iliyopigwa kwenye gari. Na ikiwa jina ni la marehemu, hakuna atakayeweza kulihamisha hadi familia ipate idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi. Hapa ndipo ndugu hugombana, mmoja akikimbia na pesa za broka kabla wengine hawajajua. Malizeni hilo kwanza.

Grogan nenda, ila nenda kwa miguu na daftari. Uliza bei ya kioo cha mbele, ya bampa, ya mpira wa milango, uandike. Mnunuzi akidai atatumia maelfu kadhaa kwa taa moja, utakuwa na jibu. Fika asubuhi, kabla ya msongamano, wenye maduka wakiwa bado na subira.