Visima vya Shela na Hesabu ya Mvua



Tulitoka gatini Lamu baada ya swala ya alfajiri, akina mama sita pamoja na watoto wetu, tukapanda mashua kuelekea Shela. Tulikwenda kumzuru bibi yetu na kukata shauri moja zito: kisima chake, kilichonywesha vizazi vinne, kimeingia chumvi. Tukifukie, au tukihifadhi?

Nyuma ya Shela pametanda milima ya mchanga, nayo ndiyo hazina ya maji ya Lamu. Mvua inyeshapo, maji huzama mchangani yakatulia juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Mvua ikipungua, au wachotaji wakizidi, chumvi hupanda kutoka chini.

Bibi alitukaribisha barazani. "Wanangu," akasema, "zamani mvua ya mwaka ilikuja na kusi, hatukuiulizia. Siku hizi hutukimbia, kisha hutugharikisha."

Kumbukumbu ya mzee ina thamani yake, lakini wataalamu hawahukumu tabianchi kwa mwaka mmoja. Hupima wastani wa miaka 30. Kwa kipimo hicho, joto la Afrika Mashariki limepanda. Mvua za Machi hadi Mei zilipungua katika maeneo mengi tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa karne hii. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, nyanda kame za Kenya zilipitiwa na misimu mitano mfululizo isiyo na mvua ya kutosha. Vuli nayo hufuata hali ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua humiminika, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na mwaka 2019.

Hata hivyo, tusiitupie mbingu lawama yote. Tulipozunguka mtaa tuliona nyumba mpya nyingi, na kila nyumba ina pampu yake. Sehemu ya chumvi ile ni ya mikono yetu.

Baada ya mashauri, tuliafikiana. Kisima kisifukiwe, maji yake yafulie na kusafishia. Birika la kale litengenezwe lipokee maji ya dari. Na watoto wafundishwe kutawadha kwa kiasi, wakikumbuka kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitosheka na mudi moja, ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa.

Wakati wa kuagana, bibi alimkabidhi kitukuu wake wa miaka tisa daftari jipya, aandike kila siku mvua inyeshapo na ikosekanapo. Likijaa, atanunuliwa jingine. Baada ya miaka 30, inshallah, atakuwa na jambo la kuwaambia wanawe lisilotegemea kumbukumbu peke yake.