Nani Anaumwa? Malezi ya Kijana Mwenye Baridi Yabisi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutumiwa kumnyamazisha mtu anayejitia kuyajua madhila ya mwenzake. Hata hivyo, yupo mtu ambaye methali hii humwacha katika njia panda, naye ni mzazi. Mzazi hakilalii kitanda cha mwanawe, lakini ndiye anayekitandika, ndiye anayekesha kando yake, na ndiye anayeulizwa na daktari idadi ya kunguni. Suala hili huwa zito zaidi mwana huyo anapokuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na ugonjwa wenyewe unapokuwa ni ule wa kudumu. Makala haya yanaangazia malezi ya kijana wa namna hiyo, yaani kijana mwenye baridi yabisi.

Kwanza, ni vyema kulitazama jina lenyewe. Neno 'yabisi' lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kitu kikavu, kilichokosa unyevu. Katika fikra za wengi, jina baridi yabisi humleta mbele ya macho ajuza aliyejikunyata kando ya meko, akiyasugua magoti yake na kuulaumu msimu wa mvua. Ni nadra jina hilo kumleta mtoto aliyevaa sare ya shule. Ilhali maradhi haya huwashika watoto pia. Mnamo 1897, daktari George Frederic Still wa London alichapisha maelezo kuhusu watoto waliovimba viungo, akashikilia kwamba maradhi ya baadhi yao hayakuwa sawa na yale ya watu wazima. Siku hizi madaktari huyatambua kwa vigezo vichache: yaanze kabla ya mtoto kutimiza miaka 16, uvimbe udumu kwa majuma 6 au zaidi, na kusipatikane chanzo kingine kinachojulikana. Hayaletwi na baridi wala kuogea maji ya mtoni. Ni kinga ya mwili ambayo, badala ya kumkabili adui, huugeukia utando laini ulio ndani ya kiungo. Kinaya ni kwamba ugonjwa unaoitwa yabisi aghalabu hukijaza kiungo majimaji.

Hebu tumtazame mama mmoja, mchuma majani chai katika nyanda za Limuru. Bintiye alikuwa darasa la sita mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, msichana alianza kuchechemea kila asubuhi. Majirani walisema ni uvivu wa kukaa nyumbani. Wengine walisema ni mifupa inayorefuka. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa za kutuliza maumivu. Ya pili ilishuku homa ya baridi yabisi, ambayo ni ugonjwa tofauti, unaofuatia maambukizi ya koo na unaoweza kuuharibu moyo. Hapa tena majina yalizidi kuwatatiza watu. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita kabla ya wawili hao kufika kwa daktari bingwa jijini Nairobi, kwa maana mabingwa wa viungo vya watoto nchini ni wachache mno.

Katika kipindi hicho, kilichomtesa msichana zaidi si magoti, bali ni kutosadikiwa. Ugonjwa huu una tabia ya kinyonga. Asubuhi mtoto hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Kufikia adhuhuri viungo vimelegea, na alasiri huonekana akiruka kamba na wenzake. Aliyemwona alasiri atayaaminije ya asubuhi? 'Anajifanya' ndilo neno lililotumika, na lilitoka vinywani mwa watu waliompenda.

Maradhi yalipotambuliwa, matibabu yalianza. Dawa kuu ilikuwa methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa juma. Kuimeza kila siku kwa kukosea ni hatari kubwa. Mama aliichagua Ijumaa usiku ili kichefuchefu kimkute mtoto siku asiyokwenda darasani. Aidha, kulikuwa na vidonge vya asidi ya foliki, vipimo vya damu vya kulichunguza ini, na safari za kupimwa macho kila baada ya miezi michache, kwa kuwa maradhi haya huweza kuivimbisha sehemu ya ndani ya jicho pasi na maumivu wala wekundu, hata mtoto ambaye hakuwahi kulalamika akapoteza uwezo wa kuona. Mama aliyanakili yote katika daftari moja la jalada jeusi.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipuuza. Mbele ya daktari, mama alizoea kusema: "Juma hili tumeumwa sana na vifundo vya miguu, lakini dawa tumemeza." Katika sarufi, kiambishi tu- huwakilisha nafsi ya kwanza wingi. Katika kinywa cha mama huyu, kilikuwa njia ya kuingia katika kitanda asichokilalia. Wala hakuwa amepotoka. Hata kitenzi 'kuuguza' kimezaliwa na 'kuugua', na anayemwuguza mwanawe huonja ugonjwa kwa namna yake.

Lakini mtoto hukua. Mwaka 2023 msichana alijiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Huko alikuta kengele ya saa kumi na nusu alfajiri, maji baridi, ngazi za ghorofa mbili, na saa nyingi za kuketi bila kujinyoosha, jambo ambalo viungo vya aina hii havilivumilii. Mwaka uliofuata, magoti yakavimba upya. Aliporudi nyumbani kwa likizo, mama alipekua sanduku lake la bati akapata, ndani ya soksi, vidonge vya majuma saba.

"Kwa nini tumeacha dawa?" mama aliuliza, sauti ikimpanda.

"Si sisi, mama," msichana alijibu. "Ni mimi ninayeumwa. Wewe hutapiki Jumamosi. Wewe huitwi nyanya bwenini."

Mama hakuwa na jibu. Kumbe jina lile la ugonjwa wa wazee lilikuwa limemfuata mwanawe hadi bwenini, na kuacha dawa kulikuwa jaribio la kuwa msichana wa rika lake, japo kwa majuma saba. Jamaa walimshauri mama ashike kiboko, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini samaki huyu alikuwa ameshakunjwa na maradhi. Kilichohitajika ni kumnyoosha.

Kliniki iliyofuata, mama alimwomba daktari amwulize binti mwenyewe. Daktari alifanya zaidi ya hayo: alimsihi mama asubiri nje kwa robo saa. Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko ule mwaka wa kutangatanga. Walipomwita, uamuzi ulikuwa umefikiwa na watu wawili waliokuwa ndani. Vidonge vingebadilishwa kuwa sindano ya chini ya ngozi, na kichefuchefu kingetafutiwa dawa yake. Binti alikuwa pia ameelezwa mambo ambayo mama hakuwahi kuthubutu kuyataja, kwamba dawa ile huharibu mimba, na kwamba pombe ikichanganywa nayo hulidhuru ini. Alielezwa kama mtu mwenye mwili wake. Kufikia mwisho wa mwaka huo wa 2024 alikuwa amejifunza kujidunga, muuguzi wa shule akimsimamia.

Ni muhimu kusisitiza kwamba kumwachia kijana ugonjwa wake si kumtelekeza. Kijana aliyeachwa peke yake husahau, huchoka, au huamua kwamba amepona kwa kuwa haumwi leo. Mama bado hutafuta fedha za dawa, bado huhesabu siku za kupimwa macho, na bado huuliza. Tofauti ni kwamba siku hizi akishauliza, husubiri jibu. Kwa mzazi, kusubiri huko ni kazi ngumu kuliko kukesha.

Fauka ya hayo, wengi wanaosoma kurasa hizi watakuwa walimu, wengine wameshakuwa. Darasani mwao atakuja mwanafunzi anayeandika polepole saa mbili za asubuhi na kukimbia uwanjani saa kumi alasiri. Kumwondoa kabisa katika michezo si huruma, maana misuli isiyotumika hudhoofika na kukiachia kiungo mzigo wote. Kumlazimisha asubuhi si nidhamu vilevile. Mwache asimame kila baada ya kipindi na kujinyoosha. Mwandalie mapema ombi la mtihani, kwani Baraza la Mitihani la Kenya huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Zaidi ya yote, akisema anaumwa, msadiki kwanza.

Mwaka 2025 msichana huyu alikuwa katika kidato cha tatu. Magoti yalikuwa yametulia, ingawa vidole vilimsumbua nyakati za asubuhi. Daftari lile jeusi sasa lina miandiko miwili. Kurasa za mwanzo ni za mkono wa mama, na kila mstari una tu- yake. Kurasa za karibuni zina herufi zilizopinda kidogo, kalamu ikiwa imeshikwa kwa vidole vilivyokakamaa: nimeamka vibaya, nimejidunga, sikutapika. Daftari hukaa katika sanduku la bati. Mama hulisoma anaporuhusiwa.