Kabidhi Zamu Kabla ya Kuingia Nyumbani

Maritati, Timau
18 Januari

Kwa Kendi, mwana wa kaka yangu,

Nimeamua kukuandikia kwa kuwa kwenye simu hatuongei tena. Nikipiga, unapokea, unasema "shangazi, ngoja kidogo," kisha nakusikia ukimjibu mtu mwingine habari za waridi za grinhausi namba nne. Barua haikatizwi. Nimempa kijana wa bodaboda anayepeleka maziwa mjini akuletee.

Mama yako ananiambia umechoka na hujui sababu, maana siku hizi huvuni maua kwa mikono yako. Umekuwa msimamizi, unatembea na daftari. Wenzako wanakushauri upange muda wako. Mimi sikubaliani nao. Muda wako umepangika tayari: unajua dakika ya kutoka kazini, dakika ya kupanda gari, dakika ya kuwasha jiko. Kinachokumaliza ni kwamba mwili unafika jikoni na akili imebaki kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia maua. Unakatakata sukuma huku ukihesabu ndoo za maua. Mwanao Mwenda anakusomea kitabu chake, unaitikia "eeh" na hujasikia hata neno. Kesho yake umesimama katikati ya waridi ukijiuliza kama yaya amempa mtoto dawa. Huko hupo, huku hupo, na kote unalipa.

Wenye elimu yao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha makala akionyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye kazi ile, na ile mpya anayoishika huifanya vibaya zaidi. Miaka miwili baadaye, Masicampo na Baumeister wakaonyesha jambo la kutia moyo: si lazima kazi iishe ndipo iache kukusumbua. Mtu akishaweka mpango mahususi wa lini na vipi ataimaliza, akili huiachia. Nilipoyasoma hayo nilicheka. Sisi wauguzi tulikuwa tukiyafanya wodini miaka yote, na hakuna aliyetuita wataalamu.

Wodini, Kendi, kazi ya mgonjwa haina mwisho. Ukitoka leo umemwacha na homa, kesho yupo, na kitanda cha jirani kimepata mwingine. Ungesubiri kazi iishe ndipo uende kulala, usingelala hadi siku ya kustaafu. Kwa hiyo kulikuwa na desturi ya kukabidhi zamu. Anayetoka na anayeingia wanapita kitanda kwa kitanda: huyu dripu yake inaisha saa tatu, yule apimwe joto tena saa sita, huyu wa pembeni hajala tangu asubuhi, asipokunywa uji daktari aitwe. Yote yameandikwa katika kitabu cha ripoti, kwa jina na kwa saa. Ukishatia sahihi, mgonjwa ni wa mwenzako. Wengi hudhani desturi ile iliwekwa kwa ajili ya wagonjwa tu. Ilitulinda na sisi. Muuguzi aliyetoroka zamu bila kukabidhi ndiye aliyekuwa akigaagaa kitandani kwake usiku akijiuliza kama ile sindano ilichomwa.

Sasa wewe daftari unalo, ila unaandika yaliyofanyika. Andika yaliyobaki. Dakika kumi za mwisho kazini zitenge kwa hilo, hata mtu akikuita. Na usiandike "kuangalia ukungu." Andika: "Kesho saa mbili, safu za nyuma za grinhausi nne, kijana wa dawa aangalie ukungu, aniletee jibu kabla ya chai." Neno la jumla akili hailiamini, italibeba hadi nyumbani. Kisha liambie kundi la WhatsApp la kazini nani yuko zamu jioni hiyo, na kwamba wewe unapigiwa simu mashine ya chumba cha baridi ikizima, basi. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka mswada Seneti ili mwajiriwa asiadhibiwe kwa kutojibu ujumbe nje ya saa za kazi. Waajiri waliupinga. Wewe usingoje Nairobi. Zungumza na meneja wako mkiwa wawili, kwa adabu, na umpelekee mpangilio wa zamu ulioandikwa tayari. Meneja hukubali haraka jambo ambalo halimwongezei kazi.

Nguo pia. Koti na buti za shambani ziache huko huko, au ziingie kwenye mfuko wake na zifuliwe peke yake. Waridi hupigwa dawa kali, na watoto hukurukia ukiwa bado mlangoni. Hiyo ni afya ya kawaida. Lakini nakuambia kwa uzoefu wa sare nyeupe: ukibadilisha nguo, moyo nao unajua zamu imekwisha.

Halafu iko njia. Gari likikaribia Timau usikimbilie nyumbani. Shuka steji moja kabla na utembee, simu ikiwa ndani ya mkoba. Hata ndovu wa Mlima Kenya, tangu 2011, wana njia yao chini ya barabara ya Nanyuki na Meru, wavuke kwenda msitu wa Ngare Ndare bila kugombana na malori. Wewe unavuka kutoka maisha mamoja hadi mengine ukisoma ujumbe wa maua, na unauita muda huo mapumziko.

Nije kwa lililo zito. Mwaka 1989 Mmarekani Arlie Hochschild aliandika kitabu kuhusu wanawake wanaotoka kazini na kuingia kazi nyingine nyumbani, akaiita zamu ya pili. Ubaya wa zamu hiyo ni kwamba hakuna wa kumkabidhi. Mume wako, Baba Mwenda, akirudi kutoka Nairobi na lori lake la viazi, anaketi, anapewa chai, watoto wanaambiwa wanyamaze, baba amechoka. Simlaumu, barabara ile inachosha. Nauliza tu, wewe chai yako huletwa na nani? Siku anazokuwa nyumbani, kazi za watoto za mtaala wa umilisi ziwe zake, zile za kufinyanga na kukata maboksi, na kuogesha watoto kuwe kwake. Mkabidhi kama wodini: nini, saa ngapi, na usisimame nyuma yake ukimsahihisha. Asikuambie mwanamume wa Kimeru haingii jikoni. Chapati za hoteli anazokula safarini zinasukumwa na nani?

Na yaya umwachie maagizo kwa maandishi asubuhi, umwepushe na simu zako za kila saa.

Msimu wa maua nao umefika. Kuna Februari 14, Siku ya Wapendanao, kisha Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, kisha sikukuu ya akina mama ya Waingereza, kwa kawaida mwezi huo huo wa Machi, na ile ya nchi nyingine nyingi mwezi Mei. Akina mama wa Timau mtapanga maua ya mama wa watu hadi usiku. Waambie watoto ukweli kuhusu wiki hizo, usiwaahidi usichokiweza. Lakini siku moja ya kupumzika katika kila siku saba ni haki yako kwa Sheria ya Ajira ya 2007, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka vilevile. Likizo ya mwaka jana uliitumia kupanda viazi. Hiyo haikuwa likizo.

Jambo la mwisho nalisema kama muuguzi. Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi uliopitiliza mwaka 2019, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa, halikuuita ugonjwa. Ila ukiona usingizi umekukimbia wiki mbili, au unalia bila sababu, au watoto wako mwenyewe wanakuchukiza, hapo daftari halitoshi. Nenda hospitali, nami nitakusindikiza.

Mpe Baba Mwenda barua hii aisome, kisha mgawane jioni zenu kwa maandishi kabla msimu wa Februari haujawakuta.

Shangazi yako