Ndege Asiye na Ziwa

Alfajiri ya Temeke haianzi kwa jogoo peke yake. Kunguru hulitangulia jua juu ya mabati, na mtoto wa pale huijua sauti yake kabla ya kuijua redio. Kumbe kunguru huyo naye ni mgeni. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, akafika hadi Dar es Salaam, akaingia katika viota vya wenyeji na kula mayai na makinda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kunguru, mwenyeji hakupona.

Ipo sauti nyingine iliyosafiri, nayo haikuhitaji mbawa. Mwaka 1984 kampuni ya E-mu ya California ilitoa Emulator II, kinanda kinachopiga sauti zilizonaswa. Katika hazina yake imo sauti ya loon, ndege wa maziwa ya baridi ya Amerika Kaskazini, aliaye kama mfiwa. Mwaka 1989 kundi la 808 State la Manchester likamtia katika "Pacific State", na wasikilizaji wakaona misitu ya joto ambayo ndege yule hakupata kuijua. Wengi wamemrudia tangu hapo: ndege asiye na ziwa wala kiota.

Vijana wa Tandale, Manzese na Mburahati, walioilea singeli tangu miaka ya 2000, wanaujua ufundi huo. Hukata kipande cha taarabu, wakakikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, hata ala iliyozoea madaha ikalia kama kinda. Wapo wanaosema huko ni kuharibu. Sivyo: kipande kile kina mwenyewe, na mtaa unamtambua hata akikimbia.

Ndege ndiye asiye na wa kumtambua. Kompyuta hupokea milio iliyotayarishwa ng'ambo, na kijana anayetaka asubuhi ndani ya wimbo huichukua iliyo karibu. Kurumbiza, asifiwaye kwa sauti, asiponaswa leo juu ya mwembe uliosalia Kinondoni, kesho asubuhi ya Kinondoni italizwa na loon, na hapana atakayeshangaa.

Kazi hiyo haitaki kinanda cha thamani. Yataka simu ya mkononi, na mtu wa kuamka kabla ya kunguru.