Flashi Haifunguki, na Makosa ni Yangu

Wacha niwaambie vile nilizima biashara ya anko wangu Jumatatu moja, tena wiki ya kufungua shule, kwa sababu ya video ambayo watu hata mia tatu hawakufika kuitazama.

Anko ana saiba pale Thika, karibu na steji. Kompyuta sita, printa moja, feni yenye kelele, na yeye mwenyewe nyuma ya kaunta. Hizo kompyuta ni za kitambo, Pentium 4 za miaka ya 2000. Windows ilishazishinda, zikawa zinakwama kila saa, kwa hivyo nikiwa kidato cha tatu nikaziwekea Linux. Karo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni ilitoka kwa droo ya hiyo kaunta. Mwaka wa pili nikaacha chuo. Anko hajawahi kunitupia neno, lakini kila nikienda pale huwa natafuta kitu cha kurekebisha. Nadhani mnaelewa.

Agosti 2025 Debian 13 ikatoka. Debian ndiyo aina ya Linux iliyoko pale kwa saiba. Nikajaribu kuiweka, ikakosa njia ya kuingia. Kusoma taarifa yao ndiyo nikajua: hawatoi tena kerneli ya prosesa za biti 32, wala programu ya kuisakinisha kwa mashine kama hizo. Kerneli ni ile sehemu ya mfumo inayokaa katikati ya programu zako na vyuma vyenyewe. Ndiyo inaongea na diski, kibodi na skrini, ndiyo inaamua programu gani ipate memori kiasi gani. Kama hakuna kerneli inayoelewa prosesa yako, hiyo mashine ni kibao cha kuwekea kikombe cha chai.

Lakini Debian kukataa si Linux kukataa. Debian huchukua kerneli kwa wale wanaoiandika, wanaipika, wanakupea ikiwa tayari. Msimbo asili wa kerneli bado una sehemu ya biti 32, na mtu yeyote anaweza kuushusha bure akajipikia. Hapo nikaona video. Kichwa tayari: "Nimefufua kompyuta ambazo dunia imezikataa." Manze, nilijiona.

Kupika kerneli si kubonyeza kitufe kimoja. Kuna mitambo miwili inayokusaidia. Wa kwanza unaitwa Kconfig. Huu ndio unakuuliza unataka nini: prosesa gani, kadi gani ya mtandao, mafaili ya aina gani. Maswali yako zaidi ya elfu kumi, na kila jibu linaweza kufungua au kufunga mengine, maana kitu fulani kinategemea kingine. Jibu ni ndiyo, au hapana, au "moduli", maana yake kaa kando, utaitwa ukihitajika. Wa pili ni Kbuild. Huo unachukua majibu yako na kujua ni mafaili gani ya msimbo yakusanywe na kwa mpangilio upi, kati ya maelfu na maelfu. Nikiwa na laptopu yangu (mwalimu wangu wa Kiswahili alisisitiza tuite kipakatalishi, pole Mwalimu), ambayo ni ya biti 64, naiambia tu ARCH=i386, na inanipikia kerneli ya mashine ya biti 32. Hiyo bado huwa inanishangaza.

Sasa, nani ana wakati wa kujibu maswali elfu kumi? Kuna njia ya mkato inaitwa localmodconfig. Inaangalia moduli ambazo mashine inatumia wakati huo, inabakisha hizo, inatupa zingine. Jumapili saiba ikiwa imefungwa nikaingia kwa kila kompyuta kupitia waya wa mtandao, nikachukua orodha zao, nikaziunganisha, nikapika. Ikaiva haraka ajabu. Mashine zikawaka. Intaneti iko, skrini iko, printa inatoa karatasi. Na kwa sababu kamera ilikuwa inarekodi, nikafuta kerneli ya zamani kwa mashine zote sita. Mbwembwe tupu. Jioni nikapanda matatu nikarudi kwangu Kahawa.

Saa mbili asubuhi, simu. "Kijana, flashi hazisomi."

Kuna mwalimu alikuwa amekuja na mtihani wa kufungua muhula kwa flashi, anataka nakala mia moja na ishirini. Anko amejaribu mashine ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Hakuna kitu. Kwa saiba, nusu ya wateja hutembea na flashi mfukoni.

Nikajua kosa langu hata kabla sijavaa viatu. Jumapili hakuna flashi hata moja iliyokuwa imechomekwa. Moduli ya flashi huitwa tu ukichomeka flashi, kwa hivyo haikuwa kwa orodha, kwa hivyo ikatupwa. Mtambo ulifanya vile niliuambia. Na kama singefuta kerneli ya zamani, Anko angezima na kuwasha, achague ile ya jana, dakika mbili kazi imeendelea.

Nilifika saa tatu na nusu. Nikaongeza moduli ya usb-storage, nikapika tena, nikaweka. Flashi ikaonekana. Kufungua, ikakataa. Nilikuwa pia nimetupa vfat, inayojua kusoma jinsi flashi nyingi zinavyopanga mafaili yake. Raundi ya tatu. Mashine zote zilikuwa sawa karibu saa saba mchana. Yule mwalimu alikuwa amevuka barabara kitambo, kwa saiba ya pili, na hadi sasa huko ndiko anachapisha.

Anko hakupiga kelele. Alikuwa anapanga risiti tu. Kisha akauliza, "Na hii mpya yako, ikiharibika ukiwa safari, nani ataiangalia?"

Sikuwa na jibu. Kerneli ya Debian hupata marekebisho ya usalama, unaambiwa yako tayari, unayachukua. Hii yangu, kila tundu likigunduliwa ni mimi nishushe msimbo tena, nipike tena, nijaribu kwa mashine sita, na safari hii nikumbuke flashi. Nilikuwa nimejipa kazi ya miaka nikidhani nafanya video ya dakika nane.

Usiku nikafungua faili moja iliyo ndani ya msimbo wa kerneli, inaitwa MAINTAINERS. Ni orodha ya nani anaangalia nini, na kila sehemu ina hali yake: kuna mtu analipwa kuiangalia, kuna mtu anaiangalia tu, mtu huirekebisha mara mojamoja, au Orphan, yaani yatima. Hata mitambo niliyotumia iko humo. Masahiro Yamada aliishika Kbuild kuanzia 2017, na Kconfig pia. Mwaka 2025 akaachia, Kbuild ikachukuliwa na Nathan Chancellor na Nicolas Schier, na Kconfig ikakaa kwa muda imeandikwa yatima. Ule mtambo wa maswali elfu kumi, unaotumiwa na kila mtu anayepika Linux!

Na hapo ndipo niliacha kuamini kile kichwa cha video yangu. Nilikuwa nadhani prosesa hutolewa kwa Linux kwa sababu imezeeka au wenye pesa hawaitaki. Kuna ukweli kidogo: 386, ambayo Linus Torvalds alianzia Linux juu yake mwaka 1991, iliondolewa kwa toleo la 3.8 mwaka 2013, na yeye mwenyewe hakuilia. Lakini angalia Itanium. Intel na HP waliitengeneza kwa seva za bei ya kutisha, ikaingia sokoni 2001. Imetolewa kwa toleo la 6.7, mwanzoni mwa 2024, maana hakukuwa tena na mtu wa kuitunza na kuijaribu. Mwaka 2018, kwa toleo la 4.17, aina nane za prosesa ziliondoka kwa mpigo. Na bado familia ya Motorola 68000, chipu za kompyuta za Amiga na Atari za miaka ya themanini, imo. Sai ninapoandika imo. Ina watu wanaoishughulikia, wakipika kerneli na kusoma marekebisho, basi.

Jumanne nikarudi Thika bila kamera. Nikafanya kitu ningefanya mwanzo kabisa, nikaangalia sifa za kila prosesa kwa /proc/cpuinfo, nikitafuta herufi mbili: lm. Hizo zinamaanisha prosesa inaweza biti 64. Mashine tatu zilikuwa nazo! Miaka hiyo yote nilikuwa nimeziwekea Linux ya biti 32 bila kuuliza. Hizo tatu zikapata Debian 13 ya kawaida. Zingine tatu nikazirudishia Debian 12 na kerneli yake, ile wanaangalia watu wanaojua wanachofanya. Yangu nikaifuta, na video nikaitoa.

Anko ana daftari kwa kaunta, ukurasa wa nyuma ameandika namba za watu: fundi wa printa, wa stima, wa intaneti. Nilipokuwa natoka nilimwona ameifungua. Mbele ya neno "kompyuta" aliandika jina langu, akaniuliza kama ile namba ya Safaricom bado ni ileile.