Mita Sita

Kwetu Ganze, ukitaja ardhi oevu watu wanakuangalia tu. Oevu gani, na mbuzi wanakufa kiu? Mto ulio nyuma ya boma letu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Watoto wanauchezea mpira.

Ndipo Baba akaamua kujenga kando yake. Mawe ashanunua. Nikamuuliza, kibali je?

"Kibali ni mambo ya Kilifi mjini," akasema. "Hapa ni kwa babangu."

Mimi nilirudi nyumbani bila digrii, kwa hivyo neno langu halina uzito. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye simu. Sheria ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti, hata shamba liwe lako. Na kanuni za 2009 zinalinda ukingo wa mto, mita 6 hadi 30 kila upande. Kipimo chenyewe hakianzii mchangani. Kinaanzia pale mafuriko makubwa zaidi yaliwahi kufika.

Yalifika wapi? Simu haikujua. Hawe alijua. Akashika bakora, akayapita mawe ya Baba, akaenda kusimama kwenye mkwaju.

"El Niño ya 1997, maji yalinikuta hapa."

Nikahesabu hatua kurudi hadi kwenye mawe. Ishirini na mbili, zote ndani ya maji.

Baba hakusema kitu. Asubuhi nilimkuta na mkokoteni, anayahamisha. Kibali bado hatujaomba. Nauli na ada ni hesabu nyingine. Nikashika upande wa pili, tukasukuma.